Miaka Ambayo Mheshimiwa Hakuwepo

Nchi tunayoisimulia ina jina, ila kwa sasa jina lenyewe liko kwenye kamati, na mpaka kamati itakapolirudisha wananchi wanaiita Nchi, nayo inaitika. Ni nchi njema. Ina wimbo, ina mlima, ina barabara za lami zinazokwenda mpaka nyumbani kwa kila waziri na kuishia hapo kwa adabu. Zaidi ya yote ina Jengo la Kumbukumbu, maana Nchi inaipenda sana historia yake na haipendi kuiona ikihangaika.

Jengo hilo lina vyumba viwili. Chumba cha Kwanza kina zulia, feni, na maua ya plastiki yanayomwagiliwa kila Jumatatu. Humo hutunzwa habari za wanasiasa walipokuwa serikalini. Chumba cha Pili kiko uani, jirani na choo, na mvua ikinyesha huingia kusoma. Humo hutunzwa habari za wanasiasa hao hao walipokuwa upinzani. Mwanasiasa akihama serikalini, jalada lake hukatwa kwa mkasi. Akirudi, hushonwa kwa uzi mweupe, na kile kipande cha katikati hupelekwa uani. Sheria ya Utulivu wa Historia inasema kwamba mtu aliyekwenda upinzani kisha akarudi kundini, miaka hiyo hakuwepo. Haisemi kwamba alikosea, la hasha. Hakuwepo tu. Wabunge waliipitisha kwa machozi ya furaha, kwa kuwa mtu asiyekuwepo haaibiki.

Sekela alizaliwa katika miaka ya namna hiyo.

*

Msiba ulimkuta uani kwa shangazi yake, kijijini Ikombolo, Jimbo la Lwanji, akimwogesha mwanawe Lugano kwenye beseni. Redio ilikuwa dirishani.

"Serikali inasikitika kutangaza kifo cha Mheshimiwa Ambilikile Mwalupembe, Naibu Waziri wa Mito," ilisema redio. "Marehemu alizaliwa Lwanji, akasoma, akawa katibu tarafa, kisha mbunge. Baada ya mapumziko mafupi ya miaka tisa, aliteuliwa kuwa Naibu Waziri. Ameacha mjane, Bibi Perpetua, na watoto watatu. Atazikwa Ikombolo siku ya Jumamosi kwa heshima zote."

Sekela akasimama na mtoto anayechuruzika maji. Alijitafuta miongoni mwa wale watatu, hakujiona. Akatafuta tena, kama mtu anayepapasa ufunguo kwenye mfuko aliokwisha kuupapasa.

"Kumbe yalikuwa mapumziko," alisema Shangazi Bupe, dada wa marehemu, huku akimenya ndizi bila kuinua macho. "Na mimi niliyempelekea uji kizuizini miaka miwili nilidhani kaka yangu amefungwa."

Mapumziko yenyewe yalianza hivi. Serikali ilipeleka bungeni mswada wa kuuhamisha Mto Lwanji upite karibu na shamba la Rais, kwa sababu Rais ni mtu wa shughuli nyingi na hana nafasi ya kuufuata mto ulipo. Wabunge wote walisema ndiyo. Mwalupembe, mtoto wa ukingoni, alisimama akasema hapana. Spika akamwuliza kwa upole kama amekula. Akasema amekula, na bado hapana. Jioni hiyo hiyo alikuwa upinzani, hana gari, hana nyumba, anateremka Ikombolo na begi moja na mkewe Subilaga mwenye mimba ya Sekela.

Miaka minane waliishi kwenye nyumba ya udongo, naye akifanya mikutano ukingoni mwa mto. Miwili ya mwisho kati ya hiyo aliimaliza kizuizini. Subilaga akaugua, akafa, akazikwa mumewe hayupo. Mwaka wa tisa mume akatoka, akasaini karatasi ya kurudi kundini, akapewa unaibu waziri, akaoa Bibi Perpetua mjini. Mwaka uliofuata mto ulihamishwa kwa heshima, ukisindikizwa na bendi ya polisi. Sekela alibaki kwa shangazi.

Baada ya hapo baba yake alikuja kijijini mara moja tu, kuzindua daraja. Daraja lilikuwa limejengwa kabla mto haujahama, na haikuonekana busara kulipotezea sherehe. Watoto wa shule walipangwa mstari, Sekela mmojawapo, akiwa na miaka kumi na mmoja. Mheshimiwa alipita akiwapa mikono. Alipofika kwake aliushika mkono wake muda mrefu kuliko walivyopangiwa, mpaka mlinzi akakohoa. Akauachia, akaenda kukata utepe. Sekela aliutembeza ule mkono siku nzima bila kuunawa, na tangu hapo hajajua kama alishikwa na baba au na Naibu Waziri.

"Nitakwenda mjini," alimwambia shangazi sasa. "Nikaandikishwe. Nataka kumwita."

Bupe aliweka kisu chini. "Nenda, mwanangu. Nani mwingine wa kumwita?"

*

Hapa inafaa kueleza, kwa faida ya wasiokuwa wa Lwanji. Huko, jeneza haliteremshwi mpaka kifungua mimba wa marehemu asimame upande wa kichwa na kumwita kwa jina la nyumbani. Jina la nyumbani ni lile analolipata mtu kwa mwanawe wa kwanza: Baba Fulani, Mama Fulani. Humwita mara tatu. Ya kwanza asikie, ya pili ageuke, ya tatu aende. Kisha wote waliomfahamu huitikia pamoja, "Tumekuachia." Asiyeitwa, wanasema, hakosi pa kwenda, ila haendi. Hubaki amesimama mlangoni kwa mwanawe, viatu mkononi, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.

Serikali iliupenda mno utaratibu huo, ikauingiza kwenye Kanuni za Mazishi ya Kitaifa, ikaongeza neno moja: mwitaji awe Mtoto Aliyesajiliwa.

Na tangu Sekela azaliwe, mtu yule hakuitwa kijijini kwa jina jingine. Mkewe akimwita kula: Baba Sekela. Wazee wakimwita kikaoni: Baba Sekela. Hata askari waliokuja kumkamata walibisha hodi wakauliza, "Baba Sekela yupo?"

*

Mlangoni mwa Jengo la Kumbukumbu mlinzi alimpekua, akatazama kitambaa kilichombeba Lugano mgongoni.

"Mtoto ananyonya?"

"Ananyonya, kaka."

"Vimiminika haviruhusiwi ndani. Vinaharibu historia."

"Maziwa yenyewe yamo mwilini mwangu."

"Ndiyo maana nauliza, utayaacha wapi?"

Walitazamana. Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kanuni na alikuwa na jua kali usoni. Mwishowe alimpigia simu mkubwa wake, mkubwa akampigia mkubwa wake, na jibu likarudi kwamba mama aandikwe kama chombo kilichofungwa vizuri, kwa sharti kwamba kisifunguliwe mbele ya nyaraka. Sekela akaingia.

Chumba cha Kwanza alipokewa na Afisa Itifaki, Bi. Leokadia, mwanamke nadhifu mwenye sauti ya kutangaza ndege. Alimpa pole kwa niaba ya Nchi, akamletea jalada la Mheshimiwa juu ya sinia. Lilikuwa zito na zuri. Humo mlikuwa na hotuba zake zote, picha akipanda mti, picha akiupanda tena mti ule ule baada ya ng'ombe kuula, na mshono wa uzi mweupe katikati, safi kama kovu la hospitali ya kulipia.

"Kifungua mimba ni Klarisa, miaka kumi na mitano," alisoma Bi. Leokadia. "Kuita ataita yeye. Jina limeshahakikiwa nakala tatu: Baba Klarisa."

"Kifungua mimba ni mimi, dada. Nilizaliwa kabla yake miaka kumi."

"Mwaka gani?"

Sekela akautaja. Bi. Leokadia akapitisha kidole kwenye ule mshono, taratibu, kama anayempapasa mgonjwa.

"Mwaka huo Mheshimiwa hakuwepo, mpenzi wangu. Sasa mtu ambaye hayupo atazaaje? Mimi mwenyewe nikimwuliza mama yangu swali hilo atanipiga."

"Watu wote wa Ikombolo wanajua."

"Wanajua, sikatai. Lakini wameandikwa?" Kisha akamwonea huruma, maana alikuwa mama naye. "Nenda uani, Chumba cha Pili. Unaruhusiwa kusoma. Hairuhusiwi kutumia."

*

Chumba cha Pili alimkuta Mzee Kilumanga, amevaa koti la mvua ndani ya nyumba, anahamisha ndoo kutoka tone moja kwenda jingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kaa hapo pakavu. Si hapo. Hapo." Akatazama mtoto. "Huku mnyonyeshe tu. Historia ya huku imezoea kulowa."

Alipoambiwa jina, hakuuliza zaidi. Alikwenda nyuma akarudi na kifurushi kinene kuliko jalada la sinia, kimefungwa kwa kamba ya katani. Upinzani, alieleza, haukuwa na karani wa kuandika habari zake. Lakini serikali, kwa wema wake, ilimweka mpelelezi nyuma ya uzio wa kila mpinzani, mchana na usiku, akiandika kila alichokiona. Kwa hiyo hakuna watu katika Nchi walioandikwa kwa mapenzi kama wale ambao hawakuwepo.

Sekela akafungua, mtoto akinyonya, akaanza kusoma.

*Mhusika amepata mtoto wa kike. Ametoka nje mara nyingi kuutazama mlango kisha kurudi ndani. Anaonekana kupanga jambo. Baadaye imebainika ni furaha.*

*Mhusika alimwimbia mtoto wimbo. Maneno ya wimbo yameambatishwa kwa uchunguzi wa wataalamu.* Na pembeni, kwa wino mwekundu wa wataalamu: *Tumeuimba ofisini. Unalaza.*

*Mkewe alikuwa na homa, hivyo mhusika alimsuka mtoto nywele. Hajui kusuka. Mtoto alikwenda sokoni hivyo hivyo. Watu walicheka, mhusika naye alicheka. Kiongozi wa kicheko hajatambuliwa.*

*Mtoto amejifunza kusema hapana. Aliyemfundisha anajulikana.*

*Mhusika alimbeba mtoto mabegani wakavuka mto. Alimwambia, huu ndio mto wenyewe. Mtoto akauliza unahamia wapi. Mhusika akajibu, hauhamii popote, mama yangu, tumeshakataa.*

Sekela aliinua uso. Hakukumbuka mabega yale. Alijitahidi akumbuke, akafunga macho, akapata harufu ya tope tu, tena hiyo ingeweza kuwa ya mle chumbani. Ilimuuma, maana mtu mmoja asiyemjua, aliyejikunyata nyuma ya uzio na kalamu, alikuwa na baba yake wote, na yeye alikuwa na mkono tu.

"Endelea," alisema Mzee Kilumanga kwa upole. "Au acha. Wengi huachia mahali kama hapo."

Akaendelea.

*Mke wa mhusika amefariki. Mhusika yuko kizuizini na hakuambiwa. Amezikwa leo. Aliyeita kaburini ni mtoto. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya tatu haikutoka vizuri ikabidi arudie. Wote waliomfahamu marehemu waliitikia. Nami niliitikia, kwa kuwa nimemfahamu kwa miaka minane. Naomba radhi kwa kosa hilo.*

Mtoto alikuwa ameacha kunyonya. Alikuwa anamtazama mama yake kidevu, mahali machozi yalipokuwa yanaishia kabla ya kudondoka.

Karatasi ya mwisho ilikuwa na mistari miwili. *Mhusika amesaini kwamba katika kipindi hiki hakuwa na mke, mtoto wala maoni. Kuanzia leo mtoto hafuatiliwi tena, kwa kuwa hayupo.*

*

"Kwa nini alisaini, mzee?"

Mzee Kilumanga akatazama dari, kama vile jibu lingedondoka na kukuta ndoo.

"Karatasi ile haina mahali pa sababu, binti. Wapo waliosaini kwa sababu ya gari. Wapo waliosaini ili mtoto aachwe aende shule, asikue na mtu nyuma ya uzio. Karatasi ni ile ile, na gari hupewa wote, hata asiyelitaka."

"Wewe ulimwona akisaini?"

"Nilimwona."

"Alikuwaje?"

"Aliomba kalamu nyingine. Ya kwanza iliandika vizuri kabisa." Akaipeleka ndoo kwenye tone jipya. "Sijui ni kwa nini. Nimeliwaza sana hilo. Mwenye kujua ni yeye."

Sekela alifunga kifurushi kwa ile kamba, akakifunga vizuri kuliko alivyokikuta, akarudi Chumba cha Kwanza.

*

Bi. Leokadia alikuwa amekwisha kumtafutia njia, kwa kuwa Nchi haikosi njia. Alimwekea karatasi mbele.

"Hatukubagui. Tunakusajili kama mtoto wa Mheshimiwa na Bibi Perpetua, wa nne. Utakaa hemani. Utauona uso kabla jeneza halijafungwa. Utatia udongo na utapewa maji ya chupa."

"Wa nne nitakuwa nimezaliwa lini?"

Bi. Leokadia akapiga hesabu kwenye kiganja. "Utakuwa na miaka saba."

"Dada, nina mtoto."

"Tumemfikiria. Tutamwandika mdogo wako."

Lugano, ambaye ndiyo kwanza amepanda cheo na kuwa mjomba wa nafsi yake, alipiga chafya.

"Na kuita?"

"Kuita ni Klarisa. Wa nne haiti. Hayo si yangu, ni mila zenu." Akageuza karatasi, akaonyesha mstari wa chini. "Hapa unasaini kwamba hukuwahi kuwa na mama mwingine. Ni utaratibu tu. Aliyekufa haumii."

Sekela aliichukua kalamu. Tusidanganyane, aliichukua. Alitaka kuuona ule uso. Alitaka asimame karibu yake, hata akiwa na miaka saba, hata akiwa dada wa mwanawe, autazame kama una jibu. Mkono ulifika kwenye karatasi. Na ulipofika akamsikia mama yake, si kwa maneno makubwa, bali vile alivyokuwa akichungulia nje na mwiko mkononi: Baba Sekela, chakula. Akaona kwamba akisaini, hapatakuwa na aliyewahi kuchungulia. Pangebaki chakula kinapoa chenyewe kwenye nyumba isiyo na mtu.

Wakati uo huo ilimjia kwamba baba yake alifika hapa hapa, karatasi kama hii mbele yake, akafikiria mambo kama haya, kisha akaandika. Hakujua amhurumie au amchukie. Alijaribu vyote viwili, vyote vikamkaa.

"Hapana," alisema.

Bi. Leokadia hakukasirika. Alichukua karatasi safi, akaandika kwa mwandiko mzuri: *Mwombaji hakufika.*

*

Jumamosi Ikombolo ilipendeza. Miti ilipakwa chokaa, na kwenye bonde ambako mto ulikuwa unapita zamani walimwaga maji kwa lori ili wageni wasisikitike mara mbili. Hema lilikuwa la wakubwa na familia iliyosajiliwa. Wananchi waliwekwa nyuma ya kamba, Sekela miongoni mwao na Lugano mgongoni, Shangazi Bupe kando yake.

Waziri wa Mito alisoma hotuba.

"Marehemu alikuwa mtu wa msimamo. Maisha yake yote alisimama upande mmoja, na aghalabu upande huo ulikuwa wetu. Leo mto unamlilia. Ungekuwepo, mngeusikia."

Wakapiga makofi waliopangiwa kupiga. Kisha Bi. Leokadia akamleta Klarisa kichwani pa jeneza. Alikuwa msichana mwembamba, gauni jeusi jipya likiwa bado na lebo shingoni, macho yamevimba kwa kilio cha kweli. Alishika karatasi.

"Baba Klarisa," alisoma. "Baba Klarisa. Baba Klarisa."

Kimya. Ratiba ilisema: *wananchi wataitikia, nusu dakika.* Nusu dakika ikapita, ikapita nyingine. Waziri alitazama saa. Bi. Leokadia akaisogelea kamba, akanong'ona kwa sauti yake ya kutangaza ndege.

"Wazee wangu, itikieni."

"Tumwitikie nani, mama?" akauliza Bupe.

"Marehemu."

"Aliyeitwa hapa ni Baba Klarisa. Mimi simfahamu. Mtu usiyemfahamu huwezi kusema umemwachia, utadhaniwa ulikuwa umemshika. Ni utovu wa adabu."

Na ilikuwa kweli, wala haukuwa ukaidi. Mzee wa nyuma akasema labda huyo Baba Klarisa ana watu wake huko mjini, wangojewe. Mwingine akashauri atumiwe salamu. Wabeba jeneza walikuwa wanabadilishana mabega, jasho likiwashuka kwenye kola za serikali.

Klarisa alikunja karatasi yake. Akatembea mpaka kwenye kamba, polepole, macho kwa Sekela, kwa maana alikuwa anafanana naye na haikuhitaji jalada.

"Dada," alisema. "Sisi nyumbani tulimwita Mheshimiwa. Hata mama. Sijui anaitikia jina gani."

Akaiinua kamba.

Sekela akapita chini yake. Hakuna aliyemzuia, walinzi walitazamana, na kwa kuwa hakuwepo, hapakuwa na mtu wa kukamatwa. Alisimama kichwani. Jeneza lilikuwa limeshafungwa. Aliweka mkono juu ya mbao, hapo alipokisia kuwa ni paji la uso.

"Baba Sekela."

Kijiji kizima kikainama kidogo, kama majani upepo unapopita. Shangazi Bupe akajifunika mdomo kwa kanga.

"Baba Sekela."

Wakavuta pumzi, wakaishika. Waliomfahamu wote, waliombeba na waliombebea uji, walikuwa na neno lao ulimini tayari. Nyuma kabisa, kando ya mti uliopakwa chokaa, mzee mmoja wa kutoka sijui wapi, kalamu mfukoni, hakuna aliyemjua, naye alikuwa amevua kofia na kufungua kinywa.

Sekela akafungua chake. Neno lilikuwapo. Alilihisi limekaa, lenye uzito, la kumwambia mtu aende. Na akagundua kwamba hawezi kumwambia aende. Alikuwa amempata dakika hiyo. Miaka yote baba alikuwa kwenye redio, au uani chini ya paa linalovuja, au upande wa pili wa utepe. Sasa ndiyo kwanza amegeuka. Mtu akigeuka utamtazama kwanza, utamwuliza, ulisaini kwa nini, uliniachia mkono kwa nini, ile kalamu ya kwanza ilikuwa na nini.

Akafunga kinywa. Akaondoa mkono kwenye mbao.

Walingoja. Klarisa alingoja. Waziri alimwonyesha Bi. Leokadia saa, Bi. Leokadia akaashiria kwa mkono, bendi ikapiga, na jeneza likateremshwa katikati ya watu walioshika pumzi na hawakuambiwa waiweke wapi. Kesho yake Chumba cha Kwanza kilipokea taarifa kwamba shughuli ilifana, ilimalizika kwa wakati, na hakuna sauti isiyo rasmi iliyosikika.

*

Magari yalipoondoka, walirudi nyumbani, Shangazi Bupe akawasha moto. Sekela alimlaza mtoto kitandani, akatoka akakaa kizingitini.

"Umemwacha baba yako amesimama," alisema shangazi. "Viatu mkononi. Kaka yangu."

"Najua, shangazi."

"Hata mpumbavu hafanyi hivyo. Unamgeuza mtu kisha unanyamaza."

"Asimame kwanza. Nina swali naye."

"Na kama hana jibu?"

Sekela alifikiri. Macho yake yalikuwa makavu sasa, mekundu.

"Basi siku nikijua hana, nitamwambia aende. Sitamweka maisha. Ila si leo."

Bupe alichochea moto, akaguna, akamlaani kaka yake kwa jina la utotoni ambalo hakuna ofisi iliyowahi kulihakiki. Akasema mguu wa kushoto wa marehemu ulikuwa mbovu tangu kizuizini, hawezi kusimama sana. Kisha akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakifuta vumbi kwa upindo wa kanga na kukiweka kando ya mlango.